Huduma ya kuprinti inakufa kila ukiiwasha kwenye Linux: mwongozo kamili wa kumtafuta mchawi

Stori ni ileile kila siku. Printa imegoma, mtu anafungua terminali anapiga `systemctl restart cups`, inatoka karatasi moja au haitoki kabisa, huduma inakufa tena, anaristati tena, akichoka anaiondoa CUPS yote (ndio mfumo unaoendesha kuprinti kwenye Linux) na kuiinstoli upya na bado inakufa. Sasa kabla hujaendelea kuisumbua hiyo mashine jua kitu kimoja: ukiiondoa CUPS kwa njia ya kawaida, mfano `apt remove`, mafaili ya mipangilio yanabaki palepale na kazi zilizokwama kwenye foleni nazo zinabaki, kwa hiyo unakuwa umeinstoli programu mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Wengi wanaofeli wanafeli kwa sababu wanaanza kutibu kabla ya kujua ni nani hasa anayekufa. Huduma ya kuprinti sio programu moja. Kuna `cupsd` ambayo ndio bosi, kuna filta zinazogeuza faili lako kuwa lugha inayoeleweka na printa, kuna bakendi zinazosukuma data kwenye waya wa USB au kwenye mtandao, alafu kuna `cups-browsed` inayozunguka kutafuta printa zilizopo mtandaoni. Yeyote akianguka wewe unaona kitu kimoja tu, karatasi haitoki. Kwa hiyo huu mwongozo unaenda kwa mpangilio wa kuwatoa washukiwa mmoja mmoja, usiruke hatua ya kwanza hata kama una haraka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Akaunti yenye ruhusa ya `sudo`. Bila hiyo huwezi hata kuchungulia folda ya foleni.
- Terminali mbili zimefunguliwa pamoja, moja ya kutoa komandi na nyingine ya kusoma logi.
- Nafasi ya bakapu kwenye disku, kwa kawaida ni megabaiti chache, ila kama foleni ina mavitu makubwa inaweza kufika gigabaiti.
- Faili mbili za kujaribia: moja ya maandishi matupu yenye mistari miwili mitatu, nyingine PDF ya ukurasa mmoja. Usijaribie na ripoti yako ya kurasa 80 yenye picha.
- Anwani ya printa. Piga `lpstat -v` uinakili. Kama `cupsd` imekufa hiyo komandi haitajibu, basi tumia `sudo grep DeviceURI /etc/cups/printers.conf`.
- Sehemu ya kuandika unachobadilisha. Kweli kabisa, andika, maana ukifika hatua ya saba hutakumbuka ulichogusa hatua ya tatu.

Komandi za hapa ni za Linux yenye systemd, ile programu inayowasha na kuzima huduma za mashine. Ukiwa kwenye FreeBSD mipangilio iko `/usr/local/etc/cups` na huduma unaiendesha kwa `service cupsd`, lakini mantiki ni ileile.

## Hatua ya 1: Jua nani anakufa

Piga hizi mbili:

```
systemctl status cups
lpstat -r
```

Soma mstari wa `Active` na wa `Main PID` polepole, hapo ndio kuna nusu ya jibu. Unaweza kukutana na hali hizi.

`inactive (dead)` na `status=0/SUCCESS`. Hii sio ajali! `cupsd` imejizima yenyewe kwa sababu haina kazi. Ikiwashwa na systemd kwa mtindo wa kuamshwa ikihitajika, inakaa sekunde 60 bila shughuli alafu inaondoka, na ukituma kazi inaamka tena. Inaongozwa na mstari wa `IdleExitTimeout`. Watu wengi sana wanahangaika kutibu huduma ambayo haiumwi. Tuma kazi ndogo uone kama inaamka, ikiamka tatizo lako liko kwenye printa au filta, ruka mpaka hatua ya 6.

`signal=SEGV` au `core-dump`. Hapa imeanguka kweli, imegusa memori isiyo yake. Chanzo mara nyingi ni faili bovu inalolisoma au laibrari isiyolingana nayo.

`signal=ABRT`. Imegundua yenyewe kwamba kuna kitu kimeharibika ndani yake, mara nyingi memori iliyovurugika, ikaamua kujiua. Itibu kama SEGV.

`signal=KILL`. Kuna mtu au kitu kimeiua kutoka nje. Mara nyingi ni kernel (kiini cha Linux) baada ya memori kuisha, hakikisha hivi:

```
sudo journalctl -k | grep -i "killed process"
```

`status=1/FAILURE`. Imekataa kuwaka, kwa kawaida ni mipangilio. Nenda hatua ya 4.

`status=127` au ujumbe wenye maneno `error while loading shared libraries`. Laibrari imepotea, nenda hatua ya 9.

`active (running)` ila printa haitoi kitu. Bosi mzima, aliyekufa ni filta au bakendi. Angalia `lpstat -p`, kama printa imeandikwa `disabled` ujue CUPS imeisimamisha baada ya kazi kufeli, maana ndio tabia yake ya kawaida.

Na kama ukiristati unaambiwa `start request repeated too quickly`, hiyo sio sababu mpya, ni systemd imechoka. Kwa kawaida huduma ikijaribiwa mara 5 ndani ya sekunde 10 inagoma kuiwasha tena. Safisha hesabu:

```
sudo systemctl reset-failed cups
```

Umefanikiwa hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja ni programu gani imekufa na kwa signali gani. Kama bado hujui usiendelee, soma `journalctl -u cups -b` mpaka ujue.

## Hatua ya 2: Izime kabisa alafu chukua bakapu

Hapa ndio watu wanapigwa chenga. Ukizima `cups.service` peke yake, ile `cups.socket` bado inasikiliza, programu yoyote ikiuliza habari za printa (hata kufungua tu dirisha la kuprinti) `cupsd` inafufuka wakati wewe uko katikati ya kuhamisha mafaili. Zima zote kwa pamoja:

```
sudo systemctl stop cups.service cups.socket cups.path cups-browsed
pgrep -a cups
```

Komandi ya pili isirudishe kitu. Ikilalamika kwamba moja ya hizo haipo kwenye mashine yako usijali, sio kila usambazaji wa Linux una zote.

Alafu bakapu:

```
sudo tar czf /root/cups-bakapu.tgz /etc/cups /var/spool/cups
sudo chmod 600 /root/cups-bakapu.tgz
```

Onyo: ndani ya hilo faili kuna nyaraka za watu zilizokuwa kwenye foleni, na kama kuna printa imeunganishwa kupitia seva ya Windows basi `printers.conf` inaweza kuwa na jina na paswedi ndani ya anwani yenyewe. Usilitume kwa mtu anayekusaidia bila kulipitia.

## Hatua ya 3: Disku, memori na poti

Hatua fupi ila imeokoa wengi.

```
df -h /var /tmp
df -i /var
free -h
sudo ss -ltnp | grep :631
```

`/var` ikijaa, `cupsd` haiwezi kuandika foleni wala logi na filta haziwezi kuweka mafaili yao ya muda kule `/var/spool/cups/tmp`, matokeo yake ni kufeli kwa namna za ajabu ajabu ambazo hazisemi wazi kwamba disku imejaa. Usiishie kwenye `df -h`, angalia na `df -i`, maana kuna wakati nafasi ipo ila idadi ya mafaili imefika mwisho na mashine inasema imejaa wakati wewe unaona gigabaiti kibao.

Poti 631 ndio mlango ambao CUPS inasikilizia, isiwe na mtu sasa hivi kwa sababu tumezima kila kitu. Ukikuta kuna programu imeikalia, labda CUPS ya pili iliyoinstoliwa kwa njia nyingine au ndani ya kontena, basi umeshampata mchawi.

## Hatua ya 4: Pima mipangilio

```
sudo cupsd -t
```

Ikiwa sawa utaona faili likifuatiwa na `is OK`. Ikiwa kuna kosa itakutajia namba ya mstari, rekebisha huo mstari tu, usianze kupanga upya faili zima.

Kama `cupsd.conf` imeharibika vibaya au ilihaririwa na watu watano tofauti kwa miaka, weka ile ya kiwandani. Kwenye Debian na ndugu zake iko `/usr/share/cups/cupsd.conf.default`, kwingine iko `/etc/cups/cupsd.conf.default`. Ile ya zamani unayo kwenye bakapu.

Ila `-t` isikupe amani sana, haikuhakikishii kwamba `printers.conf` ni nzima. Hili faili likikatika katikati, mfano umeme ulizimika wakati linaandikwa, linaweza kukusumbua. Lifungue uangalie kila `<Printer ...>` ina `</Printer>` yake. CUPS huwa inaacha nakala ya toleo lililotangulia, `printers.conf.O`, linganisha:

```
sudo diff /etc/cups/printers.conf.O /etc/cups/printers.conf
```

Onyo: usihariri `printers.conf` wakati `cupsd` inatembea. Inaliandika upya kutoka kwenye kumbukumbu yake na mabadiliko yako yanapotea, alafu unabaki unajiuliza mbona ulishasave.

## Hatua ya 5: Foleni, yaani hapa ndio penyewe

Kama huduma inawaka sekunde chache alafu inakufa, na ukiiwasha inakufa tena palepale, mshukiwa namba moja ni kazi iliyokwama. `cupsd` ikiwaka kitu cha mwanzo inachofanya ni kusoma foleni na kuendeleza kazi ambazo hazijaisha. Kama kati ya hizo kuna moja mbovu inaisoma, inaanguka, systemd inaiwasha, inaisoma tena. Kuristati hapo ni sawa na kumzindua mtu aliyezimia kwa sumu alafu unamnywesha kikombe kilekile.

Foleni iko `/var/spool/cups`. Faili zinazoanza na `c`, mfano `c00147`, zina maelezo ya kazi: nani katuma, printa gani, nakala ngapi. Zinazoanza na `d`, mfano `d00147-001`, ndio nyaraka zenyewe. Mbili hizo zinaenda pamoja, usitenganishe.

Hamisha zote nje, usifute:

```
sudo mkdir -m 700 /root/kazi-zilizozuiwa
sudo sh -c 'mv /var/spool/cups/[cd][0-9]* /root/kazi-zilizozuiwa/'
sudo mv /var/cache/cups/job.cache /root/
```

Mbona `sh -c`? Kwa sababu ukiandika `sudo mv /var/spool/cups/[cd]*` kama ilivyo, anayezitafsiri zile nyota na mabano ni sheli yako wewe, sio ruti (root, akaunti kuu ya mashine), na wewe huna ruhusa ya kusoma hiyo folda, kwa hiyo utaambiwa hakuna faili kama hilo wakati yapo kumi. Watu wanaona huo ujumbe wanahitimisha foleni iko tupu, wanaruka hatua, na hapo ndio wanazunguka siku nzima.

Usiifute folda ya `tmp` iliyomo humo wala usiibadilishie ruhusa.

Sasa washa:

```
sudo systemctl start cups.socket cups.path cups.service
lpstat -r
```

Subiri dakika moja mbili alafu tuma faili la maandishi kwa `lp -d JinaLaPrinta jaribio.txt`. Ikitoka na huduma bado iko hai basi tatizo lilikuwa kwenye foleni, na mara nyingi ni kazi moja tu kati ya zile ulizohamisha.

Unataka kumjua ni yupi? Zima tena kama hatua ya 2, rudisha nusu ya kazi (kila `c` na `d` zake), ondoa `job.cache` tena ili isome foleni upya, washa. Ikifa mbovu iko kwenye nusu hiyo, isipokufa iko kwenye nusu nyingine. Endelea kugawa. Angalizo, ukirudisha kazi zitaanza kuprintiwa kweli, kwa hiyo toa karatasi kwenye printa au izime kwanza. Ukimpata, `sudo file d00147-001` itakwambia ni aina gani ya faili, na aliyeituma yumo ndani ya `c` yake, mwombe aitengeneze upya hiyo PDF kwa programu nyingine. Kama kazi zenyewe sio muhimu achana na uchunguzi, waambie watu watume upya yaishe.

## Hatua ya 6: Fungua logi iongee

Kama foleni tupu na bado inaanguka, au cupsd iko hai ila kazi zinafeli, tunahitaji maneno zaidi. Logi ya kawaida ni ya mkato mno. Kama `cupsd` inatembea:

```
sudo cupsctl --debug-logging
```

Kama haiwezi kukaa hai muda wa kutosha hiyo komandi haitafanya kazi, maana inaongea na `cupsd` yenyewe. Basi fungua `/etc/cups/cupsd.conf` kwa mkono uweke `LogLevel debug`. Na ongeza `MaxLogSize 0`, kwa sababu kawaida logi inazungushwa ikifika megabaiti moja na kwa kiwango hiki cha maelezo inafika haraka, ushahidi wako unasukumwa nje.

Terminali ya pili:

```
sudo tail -f /var/log/cups/error_log
```

Terminali ya kwanza, huduma ikiwa imezimwa:

```
sudo cupsd -f
```

Hiyo `-f` inaiendesha mbele ya macho yako badala ya kujificha nyuma. Tuma kazi, subiri ianguke, Ctrl+C kama haijaanguka.

Sasa namna ya kusoma. `cupsd` ikianguka yenyewe haipati muda wa kuandika imekufaje, kwa hiyo usitafute neno la ajali, tafuta mstari wa mwisho kabisa kabla ya kimya, hapo utaona ilikuwa inagusa nini: printa gani, faili gani la PPD (lile linaloeleza printa na draiva yake), kazi namba ngapi. Filta ikianguka ni tofauti, bosi yupo hai na anaandika ripoti, utaona kitu kama hiki:

```
[Job 147] PID 3391 (/usr/lib/cups/filter/gstoraster) crashed on signal 11.
```

Huo mstari ni dhahabu. Umeshapewa jina la mchawi, namba ya kazi na signali, 11 ikiwa ni ile SEGV ya juu. Tafuta kwa haraka:

```
sudo grep -E "crashed on|stopped with|insecure" /var/log/cups/error_log
```

Kama inatembea vizuri kwa `cupsd -f` lakini ikiwashwa na systemd inakufa, tatizo liko nje ya CUPS: piga `systemctl cat cups` uone kama kuna mtu aliongeza vizuizi kwenye faili la huduma, na uende hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Filta na draiva

Kipimo cha harakaharaka: tuma faili la maandishi, alafu PDF. Maandishi yakitoka na PDF ikigoma, waya na bakendi ni wazima, filta ndio mgonjwa.

Unaweza kuijaribu filta bila kuihusisha printa kabisa:

```
sudo cupsfilter -e -p /etc/cups/ppd/JinaLaPrinta.ppd -m printer/foo jaribio.pdf > /tmp/towe.bin
ls -l /tmp/towe.bin
```

Ikitoka na faili lenye ukubwa, filta zote zimepita salama. Ikiwa sifuri, ujumbe kwenye skrini unataja filta iliyofia njiani.

Sababu ninazoona zinajirudia sana ni tatu. Ya kwanza ni draiva ya mtengenezaji iliyojengwa kwa mashine za biti 32 ikawekwa kwenye sistemu ya biti 64. Dalili yake inachanganya: logi inasema `No such file or directory` kuhusu filta ambayo ukiangalia unaiona ipo kabisa. Kinachokosekana ni kile kipande cha sistemu cha kuendeshea programu za biti 32. Piga `file` kwenye hiyo filta uthibitishe.

Ya pili ni ruhusa. CUPS inakataa kuendesha filta ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika, utaona `has insecure permissions`. Kuna ushauri umezagaa wa kupiga `chmod -R 777` kwenye folda za CUPS, na huo ndio unaozalisha hili tatizo. Tibu faili husika tu:

```
sudo chown root:root /usr/lib/cups/filter/JinaLaFilta
sudo chmod 755 /usr/lib/cups/filter/JinaLaFilta
```

Onyo kali: usifanye hivyo kwa mkupuo kwenye `/usr/lib/cups/backend`. Bakendi ambazo ruti peke yake anaweza kuziendesha, CUPS inaziendesha kama ruti, zingine inaziendesha kama yuza wa kawaida `lp`. Ukizisawazisha zote kuwa 755 kuna printa zitakataa kufunguka na hutajua kwa nini.

Ya tatu ni draiva ya zamani tu iliyobaki nyuma baada ya sistemu kuapdetiwa. Hapa mimi siibembelezi, printa nyingi za miaka ya karibuni zinaprinti bila draiva, kwa nini uendelee kubeba kitu kinachoanguka? Tengeneza foleni ya pili pembeni, yaani iongeze printa ileile kwenye CUPS kwa jina jipya:

```
lpinfo -v
sudo lpadmin -p Jaribio -E -v ipp://ANWANI/ipp/print -m everywhere
lp -d Jaribio jaribio.pdf
```

Ikitoka safi, hamia huko na ufute ile ya zamani kwa `lpadmin -x`. Ya USB nayo inaweza, mradi paketi ya `ipp-usb` iwepo na printa yenyewe ikubali.

Ukishatibu, kumbuka foleni ilikuwa imesimamishwa: `sudo cupsenable JinaLaPrinta`. Na ukitaka kazi moja ikifeli isifunge printa kwa kila mtu:

```
sudo lpadmin -p JinaLaPrinta -o printer-error-policy=abort-job
```

## Hatua ya 8: Wale wa pembeni

cups-browsed. Hii ikianguka au ikianza kula memori inaburuza huduma nzima, inaongeza na kufuta foleni kila mara mtandao ukitikisika. Izime uone:

```
sudo systemctl disable --now cups-browsed
```

Kama printa zako umeziongeza mwenyewe kwa mkono huihitaji, iache imelala. Na kuna sababu nyingine, mwezi wa 9 mwaka 2024 lilitangazwa tundu la usalama, CVE-2024-47176, kwamba ilikuwa inasikiliza poti 631 ya UDP na kuamini paketi ya mtu yeyote. Ukiamua kuibakisha hakikisha imeapdetiwa.

AppArmor na SELinux. Hawa ni walinzi wa usalama wa Linux wanaoamua programu iguse nini. Zinaweza kuizuia `cupsd` au filta mpya kugusa faili, na ikizuiliwa inakufa bila kueleza. Kwenye AppArmor:

```
sudo journalctl -k | grep -i denied | grep cups
sudo aa-complain /usr/sbin/cupsd
```

Ya pili inaifanya ilalamike tu bila kuzuia. Tatizo likiisha umeshajua, rekebisha profaili alafu irudishe na `aa-enforce`. Kwenye SELinux angalia `sudo ausearch -m avc -ts recent`, na kama ulihamisha mafaili kama tulivyofanya kwenye foleni, lebo zinaweza kuwa zimevurugika:

```
sudo restorecon -Rv /etc/cups /var/spool/cups /var/cache/cups
```

Usizime SELinux moja kwa moja kisa printa, tafadhali.

## Hatua ya 9: Laibrari na mzoga

Umefika hapa na bado inakufa kwa SEGV? Basi angalia programu yenyewe.

```
ldd /usr/sbin/cupsd
```

Kusiwe na `not found`, na macho yako yatafute njia za `/usr/local/lib`. Ukikuta `libcups` inatoka huko wakati `cupsd` ni ya paketi za sistemu, kuna mtu aliwahi kujenga CUPS kutoka kwenye sosi akaacha mabaki, na hayo matoleo mawili yanagombana. Ondoa mabaki, piga `sudo ldconfig`, jaribu tena.

Alafu hakikisha faili za paketi hazijabadilika, `dpkg -V cups cups-daemon` au `rpm -V cups`. Mistari ya mipangilio ikitajwa ni kawaida, programu au laibrari ikitajwa sio kawaida, na hapo sasa ndio kuinstoli upya kuna maana:

```
sudo apt install --reinstall cups cups-daemon libcups2
```

au `sudo dnf reinstall cups cups-libs`. Jina la paketi ya laibrari linaweza kutofautiana kidogo kwenye matoleo mapya.

Ikiendelea, chukua mzoga (core dump), yaani picha ya memori iliyobaki programu ilipoanguka:

```
coredumpctl list cupsd
coredumpctl info cupsd
```

Kwenye orodha inayotoka huhitaji kuwa mtaalamu wa C. Soma majina ya laibrari kutoka juu kwenda chini. Kama ya juu kabisa ni ya Avahi (inayotafuta vifaa mtandaoni), au ya SSL, au ya kutambua yuza, mgonjwa ni huyo na anayehitaji apdeti ni huyo. Kama kila anguko linatokea sehemu tofauti na programu nyingine nazo zinaanguka ovyo, achana na CUPS, pima RAM. Kama ni sehemu ileile kila mara, hiyo ni bagi halisi, wapelekee wasimamizi wa paketi hiyo orodha pamoja na mistari ya mwisho ya `error_log`.

## Hatua ya 10: Rudisha mambo sawa

Ikishatulia usiiache kwenye hali ya uchunguzi, logi itajaza disku na utarudi hatua ya 3.

```
sudo cupsctl --no-debug-logging
sudo systemctl enable --now cups.socket cups.path cups.service
```

Ondoa na ule mstari wa `MaxLogSize 0`. Tuma maandishi, tuma PDF, alafu rebuti mashine utume tena, maana huduma iliyopona kweli inapita rebuti bila kuguswa. `systemctl status cups` ionyeshe iko hai au imelala kwa `status=0/SUCCESS`, na `lpstat -o` iwe tupu baada ya karatasi kutoka.

Kuna wanaopenda kuongeza `Restart=always` kwenye faili la huduma wakaona wamemaliza. Kama chanzo umeshakitibu haina shida sana, ingawa `on-failure` inatosha na huenda tayari ipo. Kama hujakitibu utakuwa unaficha tu, kila anguko linakatiza kazi ya mtu aliyekuwa anaprinti.

Ile bakapu kule `/root` na folda ya kazi zilizozuiwa, zikae siku kadhaa mpaka uwe na uhakika, alafu uzifute zote, kuna nyaraka za watu mle ndani.